Kliniki ya Jumamosi ya wanandoa wenye ugonjwa wa moyo, Hurlingham: maoni yangu baada ya vipindi sita

Swali la kwanza sista alilouliza lilikuwa hili: "Mama, siku hizi unalala na mito mingapi?"

Nikajibu mimi. "Mitatu, sista. Mwezi uliopita ilikuwa minne."

Sista akaandika, akaweka kalamu chini, akaniambia kwa upole, "Asante, baba. Lakini nilimwuliza mama." Mke wangu alikuwa kando yangu, mkoba mapajani, anaangalia sakafu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nimemjibia kila kitu.

Kliniki hii naipa nyota nne kati ya tano. Iko Hurlingham, Nairobi, ghorofa ya tatu, na kila Jumamosi asubuhi inapokea mke na mume ambao mmoja wao anaugua moyo. Sisi tumemaliza vipindi sita, Machi hadi Mei 2025. Naandika kwa kirefu kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta mtu wa kunieleza kinachofanyika mle ndani nikamkosa, na najua wapo wenzangu Kawangware, Kayole, Rongai, wanaolala macho wazi kama nilivyolala mimi.

Lazima nieleze ugonjwa wenyewe kwanza.

Binti yetu wa pili alizaliwa Februari 2024, salama kabisa. Wiki ya tatu mke wangu, Mama Mwende, akaanza kuvimba miguu, viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Usiku akilala chali anakohoa, akiketi kikohozi kinatulia, ndiyo sababu ya lile swali la mito. Zahanati ya kwanza ilisema ni uchovu wa uzazi. Ya pili ikasema nimonia, tukapewa dawa za kuua viini. Siku ya kumi nilimkuta saa tisa usiku ameketi jikoni kwenye kiti cha plastiki, dirisha wazi, anavuta hewa kama mtu aliyetoka mbio Dagoretti Corner. Nikamwamsha jirani mwenye gari.

Hospitali kubwa ikampima kwa eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Moyo wake ulikuwa unasukuma nje asilimia 25 ya damu kwa kila pigo, na moyo wa mtu mzima mwenye afya husukuma 55 kwenda juu. Daktari alisema misuli ya moyo imelegea na kutanuka kwa ajili ya ujauzito. Ugonjwa huu huja mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na Waafrika tunaupata zaidi kuliko Wazungu. Unachelewa kujulikana kwa sababu dalili zake zinafanana na uchovu wa mzazi. Jambo hilo namwambia sasa kila mwanamume anayekuja kwangu kuagiza kitanda cha mtoto. Mama aliyejifungua akikosa pumzi kila akilala chali, huo si uchovu, mpeleke apimwe moyo.

Alipewa Lasix ya kutoa maji mwilini, akapewa bisoprolol na enalapril za kuupunguzia moyo kazi, na pia bromocriptine, dawa inayokausha maziwa, ambayo daktari alisema imefanyiwa utafiti Afrika Kusini na Ujerumani kwa wagonjwa kama yeye. Nadhani hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchoma zaidi. Alikaa pale wodini kifua kimevimba, mtoto analia mikononi mwa dada yangu, kopo la maziwa ya unga liko juu ya kabati. Hakulia. Aligeukia ukuta.

Alirudi nyumbani baada ya siku kumi na sita, nami nikageuka askari.

Maagizo tuliyopewa yalikuwa mazuri. Apimwe uzito kila asubuhi, maana kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji yanarudi, tupige simu. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Mimi nikanunua mizani na daftari la kurasa 200, nikaning'iniza kalamu ukutani kwa uzi. Saa kumi na mbili asubuhi, akitoka chooni tu, nilikuwa namngoja na daftari. Chumvi nikaihamishia karakana. Akipanda ngazi niko nyuma yake, mikono nimeitandaza kama anayemfuata mtoto dede. Akishika ndoo naichukua. Wageni wakija nawahesabia dakika. Na kila nilipopita: "Unajisikiaje?" Jumapili moja dada yangu alinihesabia, akaniambia nimeuliza mara kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana.

Usiku nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Moja ikikawia namgusa bega. Anaamka, hasemi kitu, anavuta blanketi. Kwa hiyo na yeye hakuwa analala. Mimi ni seremala, natengeneza vitanda na makochi kando ya Ngong Road, na kazi hii haitaki mtu mwenye usingizi. Wiki moja nilikata mbavu za kitanda cha futi 5 kwa kipimo cha futi 4, mara mbili, mbao nzuri za saipresi. Msumeno ukanipitia kwenye kucha. Kijana ninayefanya naye kazi akaanza kupima upya kila mbao niliyopima, akingoja kwanza niende kunywa chai.

Oktoba tukagombana vibaya. Nilikuta chumvi imefungwa kwenye kipande cha gazeti ndani ya kopo la majani chai. Alikuwa ameiomba kwa jirani. Nikamwuliza, mbele ya Mwende, "Unataka kufa?"

Akanijibu bila kupaza sauti. "Baba Mwende, mimi sikuolewa na daktari. Na huyo mume wangu sijui alienda wapi."

Siku nne tuliongea namba ya mizani tu.

Desemba tukaenda nyumbani, Mwala. Mama yangu, na nampenda mama yangu, alinivuta nyuma ya ghala akaniambia kwamba nina binti wawili, kwamba mke wangu hawezi tena, na kwamba hakuna atakayenilaumu nikitafuta mwingine wa kunizalia mvulana. Mke wangu alikuwa anapepeta maharagwe upande wa pili wa mabati. Mabati hayazuii sauti. Njia nzima ya kurudi Nairobi alimshika mtoto akatazama nje.

Tulijaribu mshauri mmoja wa ndoa kabla ya kufika hapa. Alimwambia mke wangu ashukuru kuwa na mume anayemjali, na mimi akaniambia nivumilie kama mwanamume. Dakika ishirini na tano, tukaombewa, tukatoka. Sina neno na maombi. Lakini hakuuliza hata mara moja kama tunalala.

Februari 2025 eko ya mwaka ikaonyesha asilimia 42. Mimi nikapiga makofi pale pale. Daktari wa moyo akamwangalia mke wangu, ambaye hakuwa amebadilika uso, akauliza, "Na nyinyi wawili mnaendeleaje?" Hakuna aliyejibu. Akaandika barua ya kutuleta kliniki hii.

Sasa huduma yenyewe. Tulilipa shilingi 2,500 kwa kipindi kwa watu wawili, jumla 15,000, ambayo kwangu ni kitanda kimoja cha futi 5 kwa 6. Tulilipa mfukoni, kwa M-Pesa, kila Jumamosi peke yake, na hakuna ada iliyojitokeza baadaye. Kipindi ni saa moja na nusu. Nusu saa ya kwanza mnakaa na sista wa moyo, halafu saa nzima mko na kaunsela, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Cha nne na cha sita mnamalizia kwa kukutana na wanandoa wengine.

Siku ya kwanza kila mmoja alipewa fomu yake ya maswali tisa, ajaze peke yake, kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona umeshindwa. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu. Mke wangu alipata 14. Mimi nilipata 16. Nilidhani kaunsela amekosea kuhesabu, nikamwambia mgonjwa si mimi. Akasema kuanzia kumi hawalipuuzi, iwe ni mgonjwa au ni anayemuuguza, na kwamba watu wengi waliopatwa na ugonjwa mzito wa moyo hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, tena wenza wao vilevile, ila mwenza hana faili hospitalini kwa hiyo haulizwi. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo. Nilitoa leso.

Halafu fomu ya mke wangu. Ilikuwa juu ya meza na niliona alama ya kalamu. Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni heri ungekufa. Alikuwa ametia alama penye "siku kadhaa".

Kaunsela hakuliruka. "Mama Mwende, hebu tuliongee hili."

Mke wangu akaniangalia mimi kwanza, kisha akauliza kama jambo hilo litafika polisi. Kaunsela akamweleza kwamba kuwaza na kusema hakujawahi kuwa kosa, na kwamba hata kile kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai, Mahakama Kuu iliamua Januari mwaka huo kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Akangoja. Nje mtu alikuwa anapiga honi ya matatu.

Mke wangu akasema, "Sitaki kufa. Nawaza tu kwamba nikiondoka, huyu atapata usingizi."

Nimeiandika sentensi hiyo kama alivyoisema kwa sababu nilikuwa nimeishi miezi kumi na mitatu nikiamini kwamba kukesha kwangu kulikuwa kunamtunza.

Hapa ndipo nilipoona ninalipia nini. Kaunsela hakutuhubiria wala hakuogopa. Alimwuliza waziwazi kama amewahi kupanga chochote, kama dawa zote za mwezi zinakaa mahali pamoja, nani yuko naye mchana. Alitupa namba ya 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haitozwi, na karatasi ya Befrienders Kenya, shirika linalowasikiliza waliokata tamaa. Jumanne akapiga simu mwenyewe, akataka kuongea na mke wangu. Wiki ile ile akatuunganisha na daktari wa afya ya akili, ambaye alizungumza kwanza na daktari wetu wa moyo kisha akamwandikia sertraline, maana si kila dawa ya sonona inafaa mtu mwenye moyo dhaifu. Kama umesoma hadi hapa na alama yako iko kwenye swali hilo, piga 1199 leo.

Kipindi cha pili kilikuwa cha daftari. Sista aliomba alione, akalifungua, akasifu mwandiko, kisha akamkabidhi mke wangu. "Hili ni lako. Baba ataliona ukimwonyesha." Nilihisi kama nimenyang'anywa mtoto. Lakini kwenye dakika hizo hizo mke wangu akakiri jambo ambalo daftari langu halikuwahi kulikamata: kila Jumapili na kila siku ya safari alikuwa haimezi Lasix, kwa sababu ukiimeza utaingia msalani mara tano kabla ya saa sita, na kwenye matatu utamwomba nani asimame? Aliogopa kuniambia. Sista hakushtuka, akasema wagonjwa wengi hufanya hivyo. Akampigia daktari pale pale, wakakubaliana kwamba siku za safari anaweza kuimeza akisharudi nyumbani, mradi asiikose. Jambo la dakika tatu. Kwa mwaka mzima nilimlinda na kijiko cha chumvi huku dawa yenyewe inabaki kwenye kopo.

Cha tatu ndicho ninachokikumbuka zaidi. Kaunsela alitupa kazi ya nyumbani: kila siku, saa mbili hadi saa mbili na nusu usiku, ugonjwa usitajwe. Usiulize anajisikiaje, usitaje dawa, mizani wala miguu. Mimi nikauliza, je, akijisikia vibaya kwenye nusu saa hiyo? Akanijibu, "Ana mdomo. Atakwambia."

Usiku wa kwanza tulikaa kwenye kochi kama wageni wa msibani. Nilitazama saa ya ukutani mara nyingi mno. Usiku wa pili akaniuliza mbao za saipresi zimefika bei gani. Nikamwambia. Akauliza yule mteja wa Karen aliyerudisha meza kwa sababu ya rangi, iliishaje. Nikamweleza, nikaigiza jinsi yule mteja alivyokuwa anapiga kidole kwenye meza, na Mama Mwende akacheka hadi akakohoa. Mkono wangu ukaruka kwenda mgongoni kwake. Akautazama. Nikaurudisha. Kikohozi kikaisha chenyewe.

Inafaa mjue kwamba kabla ya ugonjwa yeye ndiye aliyeshona foronya za makochi yangu yote. Cherehani yake nilikuwa nimeifunika kwa shuka nikasema apumzike. Kaunsela alinibana kuhusu cherehani hiyo kuliko jambo lolote lingine. Alimwuliza daktari, daktari akasema kazi ya kukaa inaruhusiwa kwa kiasi, apumzike akichoka. Wiki ya tano akashona foronya mbili, akazikagua mshono kwa mshono dirishani, akafumua moja na kuirudia. Nilisimama mlangoni na sikusema kitu. Hilo lilinigharimu.

Kipindi cha nne kilikuwa cha chumbani. Nitaandika kwa adabu, lakini nitaandika, maana najua ndicho kinachowaogopesha wengi na hospitalini hakuna aliyetutajia. Tangu augue tulikuwa tumelala kama ndugu. Yeye alidhani simtaki tena. Mimi nilikuwa naogopa kumuua. Kila mmoja alikuwa amebeba lake, na kitanda ni futi 5 tu. Kaunsela alieleza kwamba vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani na Ulaya vilitoa mwongozo mwaka 2013 kwamba wagonjwa na wenza wao wazungumziwe jambo hili, kwa hiyo tusione haya. Kwa mtu ambaye hali yake imetulia, tendo la ndoa na mwenza wake wa kila siku linafanana na kupanda ngazi za ghorofa mbili. Akizipanda kwa mwendo wake bila maumivu ya kifua wala kukatika pumzi, kwa kawaida daktari huruhusu. Wetu aliruhusu. Alitueleza pia kwamba dawa kama bisoprolol na huzuni yenyewe vinaweza kupunguza hamu, kwa hiyo mtu asilisome hilo kuwa ni chuki, wala asiache dawa kimyakimya. Na kwa wanaume wagonjwa waliokuwa kwenye kundi alionya: ukiwa unatumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua, usinunue zile dawa za nguvu za kiume dukani, presha inaweza kushuka ghafla hadi kuua. Wanaume wawili walitazamana.

Tuliambiwa tuanze na kushikana mikono tu. Tulianza hapo.

Kipindi cha tano tulizungumza kuhusu mtoto wa tatu ambaye hatazaliwa. Sista alisema bila kuzungusha: mwanamke aliyepata ugonjwa huu na moyo wake haujarudi sawasawa, madaktari humshauri asibebe mimba nyingine kabisa, kwa sababu moyo unaweza kushindwa tena na akafa. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni havimfai, vinaweza kugandisha damu. Kuna kijiti cha mkononi, kuna koili, na kuna kufunga uzazi kwa mwanamume. Nilinyamaza kwenye hilo la mwisho. Kaunsela aliniuliza ninaomboleza nini, nikasema mvulana. Nilipolisema kwa sauti, mbele ya mke wangu, nikalia, na yeye ndiye aliyenishika. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemkataza kunishika kwa kujifanya sina kinachoniuma. Yeye alichagua kijiti kwa sasa. Mimi bado naliwaza lile jingine, na hakuna aliyenisukuma.

Usiku huo nilimpigia mama yangu. Nilimwambia kwa Kikamba, kwa heshima yote, kwamba nyumba yangu ina mke mmoja na watoto wawili na imekamilika. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza Mama Mwende anaruhusiwa kula nini, ili tukija asitie chumvi. Sijui kama amekubali. Alituma kunde kwa basi wiki iliyofuata.

Kundi la wanandoa lilikuwa na thamani ingawa halikupangwa vizuri. Tulikuwa jozi saba kwenye chumba cha jozi nne, na mzee mmoja akachukua nusu ya muda akieleza upasuaji wake. Lakini nilikutana na kijana wa miaka ishirini na minane, mkewe ana vali mbovu kutokana na homa ya baridi yabisi ya moyo tangu utotoni, na akanieleza jinsi anavyolala mkono juu ya kifua cha mkewe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, muulize kama anaupenda huo mkono." Akageuka akamwuliza pale pale. Mkewe akasema hapana, ni mzito.

Sasa malalamiko, na nayasema kwa nia njema kwa sababu nataka mahali hapa padumu. Lifti ilikuwa mbovu Jumamosi tatu kati ya sita. Kliniki ya moyo, ghorofa ya tatu! Siku ya kwanza Mama Mwende alipumzika mara mbili njiani, na hakuna hata benchi kwenye kituo cha ngazi; alikaa chini juu ya koti langu. Mama mmoja wa kundi letu alirudi nyumbani bila kuhudhuria. Weka kiti kila ghorofa, ni shilingi elfu moja, nitawatengenezea hata bure. Choo kiko ghorofa ya pili na ufunguo unakaa kwa mlinzi wa chini. Watu wanaokuja pale wanameza Lasix, wengine wanaahirisha dozi kwa sababu ya choo hicho hicho, na hilo ni hatari. Nyota niliyoizuia ni ya choo na lifti.

Fomu pia ziko kwa Kiingereza tupu. Kaunsela alitutafsiria kwa mdomo na kwa subira, lakini swali kama lile la tisa mtu anatakiwa alisome kwa lugha anayoiwazia, akiwa peke yake. Mke wangu aliuliza maana ya maneno mawili kabla ya kutia alama. Asingeuliza je? Vipindi vilianza kwa kuchelewa dakika ishirini au zaidi, isipokuwa kimoja. Na hakuna mahali pa kumwacha mtoto mchanga, wakati wagonjwa kama mke wangu wote wana watoto wachanga.

Mwisho wa Mei tulijaza fomu tena. Yeye 6, mimi 7, na kwenye swali la tisa ametia sifuri. Eko ya Juni ilisoma asilimia 46. Bado si 55, daktari anaendelea na dawa zote. Bado tunagombana, Jumatano iliyopita tu kuhusu ndoo. Lakini sasa tunagombana watu wawili. Tumelipia vipindi viwili vya Septemba. Yeye ndiye aliyepiga simu kuweka nafasi.

Kwenye kundi niliulizwa kuhusu kile kibao nilichomtengenezea mke wangu wakati mito ilipokuwa inateleza usiku, kwa hiyo naacha vipimo hapa, fundi yeyote atavielewa. Ubao wa mshazari inchi 24 kwa urefu, kichwa kiinuliwe inchi 12, hapo utapata mwinuko wa nyuzi 30. Upana inchi 26 ili mabega yasitoke nje. Tumia saipresi au plaiwudi ya inchi robo tatu, piga msasa kingo zote, gundisha sponji ngumu ya inchi mbili juu yake, na chini weka kipande cha mpira wa tairi la ndani ili usiteleze. Kama analala vizuri akiwa chini kidogo, punguza kimo kiwe inchi 8. Usikadirie mwenyewe. Mwulize yeye analala na mito mingapi, kisha ukate.